Kiti cha Dirishani

Mwaka huu hatukupitisha bakuli.
Ukumbi wa Al-Khoudh, meza arubaini,
na kila meza, ubavuni mwa chetezo,
kumesimama kikadi cha vidoti vyeusi:
elekeza simu, bonyeza, umeshatoa.
Bi Thuwaiba alikielekezea miwani.
"Mbona hakisemi kitu?"

Mie ndiye mwandishi wa kamati,
mwenye kibali cha wizara ndani ya bahasha,
mwenye orodha. Basi la wagonjwa wa figo,
Mabela hadi hospitali, mara tatu kwa wiki;
petroli, dereva, matairi.
Hayo ndiyo tunayoyaombea.

Shamsa, mtaalamu wetu, katoka Doha
na kompyuta nyembamba kama mkate wa rakhali.
Akatufundisha "safari ya mfadhili".
Safari niijuayo mimi ina mizigo na kwaheri;
hii yake ina hatua tano, na mishale:
ajue, apende, atoe, arudie, awalete wenzake.
Programu inazijua siku zao za kuzaliwa.
Inawatakia heri
kabla watoto wao hawajaamka.

Ukutani, kwenye skrini, kipimajoto
kinapanda wekundu kwa kila aliyebonyeza,
na jina lake, na makofi.
Hamdun wa duka la vigae alitoa mara tatu
ili jina lipite mara tatu.
Sicheki. Tairi moja la mbele ni lake.

Mnada wa kimya nao haukunyamaza.
Unaandika bei kwenye karatasi, unaondoka zako,
mwenzio anakuja kuandika chini yako.
Hivyo ndivyo kwengine.
Kwetu, kawa la ukili alilolishona marehemu mama yake Raya
liligombewa kwa sauti hata mpishi akatoka jikoni.
Riali mia mbili na kumi,
na watu wawili hawasemezani.

Lakini kwenye orodha yangu, mstari wa mia na nne,
pana mtu asiye na jina.
Kila tarehe ishirini na tano, mshahara ukitoka,
riali moja na baisa mia tatu,
na maneno matatu penye nafasi ya maelezo:
kiti cha dirishani.
Miaka miwili na miezi mitatu.
Hakukosa Ramadhani,
wala mwezi ule wa tufani tulipokatikiwa umeme.

Mkono wa kulia utoe, wa kushoto usijue:
nilimkumbusha Shamsa hayo.
"Vizuri," akasema, "lakini tumpe cheti."
Cheti kiandikwe jina gani?

Mwezi wa Mei hakikuingia kitu. Wa Juni pia.
Programu ikaupaka mstari rangi ya kijivu,
ikaandika: Mfadhili aliyelala.
Ikanishauri nimpelekee ujumbe
wenye kikatuni kinachopunga mkono,
"Tumekukumbuka!"
Kwa nambari ipi?

Usiku ule nilitoka nje na sahani ya pilau ya dereva.
Sabiti alikuwa akifuta vioo kwa taa ya simu.
Nikamuuliza nani hukaa dirishani.
"Kila mmoja anapataka.
Wakirudi wamechoka, kichwa kinatafuta pa kuegemea."
Akakung'uta kitambaa.
"Nina madirisha kumi. Tangu Mei, mawili yana nafasi."
Akafungua mdomo kutaja majina,
nikamwinulia mkono.
Alipokuwa akitoa hakutaka nimjue;
leo nimjue kwa lipi?

Kiooni, usawa wa kichwa, palikuwa na alama
ya mafuta ya nywele, ya mtu wa asubuhi ile.
Sabiti akaifuta bila kuitazama,
akaenda la pili.

Ndani wanashangilia, kipimajoto kimefika juu.
Shamsa ananiambia mistari iliyolala
tuifute kabla mwaka haujaisha.
"Wa mia na nne usiuguse."
"Unaharibu hesabu, Bibi."
"Na uharibu."